Mzee Lilanga, mlinzi wa usiku aliyewachekesha mashetani

Leo naomba tuwape wanasiasa mapumziko kidogo, na mpira wa Ulaya nao usubiri. Nataka kuwaletea mzee mmoja ambaye nina hakika wengi wenu mmeshakutana na watoto wake bila kujua baba yao ni nani. Umeshawahi kuona picha au kinyago cha mtu mwenye masikio kama ungo, macho yamemtoka, mdomo umeachama kwa kicheko, tumbo mbele, mguuni vidole viwili, na mwili mzima una nukta na mistari ya rangi utadhani kanga ya sikukuu? Basi huyo ni mtoto wa George Lilanga. Au ni mtoto wa kusingiziwa, hilo tutalifikia huko mbele.

Kilichonifanya niandike ni ubishi. Hapa kwetu Pasua kuna kijiwe cha mafundi wa mbao, na tangu nimalize shule huwa napita pale karibu kila siku kupiga stori. Wanachonga twiga, tembo na sura za Wamasai, mzigo unakwenda mjini Moshi kwa wenye maduka, unauzwa kwa watalii wanaoshuka mlimani. Siku moja nikaropoka kwamba mchongaji ninayemhusudu kuliko wote alikuwa anapaka vinyago vyake rangi za mafuta, nyekundu, njano, bluu, bila aibu. Jamani, nilichekwa! Kwa fundi wa kinyago rangi ni ya kufichia makosa. Mbao ikipasuka unaziba, patasi ikiteleza unaziba, halafu unapaka juu. Mbao nzuri wao wanasema haihitaji kuvalishwa nguo. Nikajitetea nikashindwa, maana maisha ya mzee huyu hayaenei kwenye dakika mbili za kijiweni. Ndiyo haya hapa.

Lilanga alizaliwa mwaka 1934 katika kijiji cha Kikwetu, kusini kabisa mwa nchi yetu. Ni Mmakonde. Sisi wa huku kaskazini Wamakonde tunawajua kwa chale za usoni na ile ndonya ya mdomoni waliyokuwa wakivaa bibi zao, basi, tunaishia hapo. Lakini kwa kuchonga hawana mpinzani Afrika Mashariki. Wako pande zote mbili za mto Ruvuma, huku kwetu uwanda wa Newala na ng'ambo, Msumbiji, uwanda wa Mueda. Mpaka waliuchora Wajerumani na Wareno, wenyewe waliendelea kuvuka mto kama kawaida.

Na wana ngoma yao, mapiko. Mchezaji anavaa kichwa cha mbao nyepesi, si cha kufunika uso tu, kinaingia kichwani chote kama kofia ya pikipiki, na mwili anaufunika kwa nguo asionekane hata ngozi. Zamani wanawake na watoto ambao hawajapita jandoni walitakiwa waamini kwamba anayecheza si mtu, ni kitu kilichotoka kwa wafu. Anatoka kwa kishindo, watu wanatawanyika. Baada ya muda kidogo yule yule anaanza kuigiza, mara mzee mwenye mgongo, mara askari wa mkoloni, mara mzungu au mfanyabiashara wa Kihindi, na wale waliokuwa wanakimbia sasa wanashika mbavu. Naomba ukikumbuke kitu hiki, kwamba mtoto wa Kimakonde wa enzi hizo alikua akiona kitu kimoja hicho hicho kinamtisha na kumchekesha jioni moja. Ukitazama kazi za Lilanga bila kujua mapiko utadhani alikuwa anachora katuni.

Kama vijana wengi wa kwao, alijifunza kuchonga kwenye muhogo. Ndiyo, muhogo wa kula. Ni laini, kisu kidogo kinatosha, na hauna gharama. Ubaya wake haudumu, ukikauka unanywea na ile sura uliyoitolea jasho inakunjamana. Kwa hiyo unachonga leo, kesho unachonga tena ile ile. Ukikosea unaiweka motoni unakula kosa lako. Baada ya muhogo alihamia kwenye mbao laini, halafu ndipo mpingo.

Mpingo wenyewe si mchezo. Ni mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama. Nje una utando wa rangi ya maziwa, ndani mweusi tii, na mweusi huo ndio mali. Unaua tezo, unaua patasi, na mti wenyewe unachukua miongo mingi kufikia unene wa kuchongeka. Mtu akishapata gogo la mpingo hatanii nalo. Sasa fikiria mtu aliyefikia ngazi hiyo, baadaye akarudi kwenye mbao za kawaida na kuzimwagia rangi. Hapo ndipo mafundi wangu wa Pasua wanaposhindwa kumwelewa.

Ili tumwelewe, inabidi tumtaje kwanza mtu mwingine aliyemtangulia, Samaki Likankoa. Huyu naye Mmakonde, alikuwa Dar es Salaam miaka ya 1950, wakati Wamakonde wengi kutoka Msumbiji walikuwa wameshaingia Tanganyika kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge na mijini. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja, Mohamed Peera, aliyekuwa ananunua vinyago vyao na kuwapa mbao. Vilivyokuwa vinauzika ni sura za watu, binadamu wa kawaida, mwanamke na mtungi, mzee na kiko. Inasimuliwa kwamba Samaki alikuwa na kinyago cha mtu, kikavunjika mkono. Kazi ya siku nyingi imekwenda na maji. Badala ya kukitupa, baada ya kuota ndoto, akakirudia, akakigeuza kuwa kiumbe ambacho hakikutakiwa kuwa na mikono miwili wala macho mawili tangu mwanzo. Akakiita shetani. Peera akakipenda, wanunuzi wakakipenda zaidi, na kabla ya muda mrefu Dar nzima wachongaji walikuwa wanatoa mashetani.

Hapa naomba ndugu zangu walokole na masheikh wasinikimbie. Shetani wa vinyago vya Kimakonde si yule wa kwenye vitabu vya dini anayekupeleka motoni. Ni viumbe wa porini na majini, ndugu wa kibwengo na zimwi wa hadithi za bibi. Wengine wabaya, wengine watundu tu, wanaiba chakula, wanapotosha njia, wanapenda ngoma. Hawana umbo la kudumu, na ndiyo raha yake kwa mchongaji. Ukichonga tembo mwenye mguu mfupi umekosea. Ukichonga shetani mwenye mguu mfupi, huyo ni shetani mwenye mguu mfupi. Mbao yenye kundu au ufa haikusumbui tena, unaifuata inakotaka kwenda.

Basi mtindo huo ndio Lilanga alioukuta.

Alifika Dar mwanzoni mwa miaka ya 1970, akiwa mtu mzima wa miaka zaidi ya 35, si kijana wa kuja kutafuta maisha kama sisi. Alikuwa na ndugu yake mchongaji, Augustino Malaba, aliyekuwa Nyumba ya Sanaa. Hiyo ilikuwa karakana ya wasanii iliyoanzishwa mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt, mmisionari Mmarekani wa shirika la Maryknoll. Wazo lake lilikuwa kwamba vijana wenye mikono lakini wasio na mtaji wapate mahali pa kufanyia kazi, vifaa, na soko. Lilanga alipata kazi pale, ila si ya usanii. Alikuwa mlinzi wa usiku.

Wadau, hebu tulieni hapa kidogo. Mlinzi wa usiku. Wangapi kati yetu tuna kaka, mjomba au mzee anayelala nje ya duka la mtu akiwa na rungu na redio? Tunapita tunamsalimia, shikamoo, marahaba, hatumuulizi anajua kufanya nini. Huyu alikuwa analinda kazi za wenzake usiku, na za kwake anazo. Alipozionyesha wakubwa wa pale, hawakuchelewa, akaingizwa karakana. Kama angepata kibarua cha ulinzi kwenye ghala la saruji sijui kama leo tungekuwa na cha kuandika.

Sasa, pale Nyumba ya Sanaa ndipo mambo yalipokuwa matamu. Kijijini alikuwa na mbao peke yake. Hapa ghafla kuna batiki, kuna wino na karatasi, kuna ngozi za mbuzi zilizonyooshwa za kuchorea, kuna mabamba ya chuma ambayo unakwangua mchoro kwa ncha kali, unapaka wino, unapiga chapa kwenye karatasi hata nakala kumi. Akina Robino Ntila na Patrick Imanjama nao walikuwa pale pale, kila mmoja na mambo yake. Mtu mwingine angechanganyikiwa, au angechagua kimoja. Lilanga alichofanya ni kuwachukua wale wale vibwengo wake na kuwapitisha kwenye kila kitu alichopewa. Wakiwa kwenye batiki wananenepa, maana nta haikubali mistari myembamba sana. Kwenye bamba la chuma wanakonda na kujaa michirizi. Kwenye ngozi ya mbuzi wanajibana kufuata umbo la mbuzi mwenyewe, mguu wa shetani unaingia pale ulipokuwa mguu wa mnyama. Ni watu wale wale, kama familia moja inayohama nyumba.

Kilichonimaliza mimi ni mageti. Kuna wakati aliacha patasi, akaanza kubuni sura za bati na chuma kwa ajili ya mageti na kingo za Nyumba ya Sanaa. Mafundi wanakata bati kufuata michoro yake, wanachomelea kwenye nondo. Yaani pale ambapo kila mwenye nyumba anaweka mikuki kumwambia mwizi asogee mbali, yeye aliweka vibwengo wanacheza ngoma, miguu juu, masikio nje. Nakumbuka mlinzi aliyefika pale kulinda mlango ndiye aliyekuja kuutengenezea mlango walinzi wengine. Sijui kama mwenyewe aliliwaza hilo, mimi nimeliwaza.

Mwaka 1978 kazi za wasanii wa Afrika zilipelekwa kuonyeshwa Washington, Marekani, na za Lilanga zilikuwa nyingi humo. Kuanzia hapo jina likatoka nje ya mipaka. Ulaya, Marekani, Japani, kote alionyeshwa. Mtajiri mmoja mwenye asili ya Italia, Jean Pigozzi, ambaye alikusanya sanaa ya Afrika kwa wingi pengine kuliko mtu binafsi yeyote, alizinunua. Kuanzia mwaka 2004 yale maonyesho makubwa ya Africa Remix yaliyozunguka Düsseldorf, London, Paris, Tokyo na mpaka Johannesburg, naye alikuwamo.

Kuna habari moja inayorudiwa sana na waandishi wa Ulaya, kwamba Keith Haring, yule msanii wa New York aliyekuwa anachora vijitu vinavyocheza kwenye kuta za treni za chini, alivutiwa na Lilanga. Sina ugomvi nayo. Ukiweka kazi zao pamoja unaona undugu, watu wa mstari mmoja mnene, wanarukaruka, wamejaza karatasi mpaka hakuna pa kupumulia. Ila inanikera jinsi inavyoandikwa, kana kwamba sifa ya mzee wetu ni kumpendeza Mmarekani. Haring alizaliwa mwaka 1958. Mwaka huo Lilanga alikuwa na miaka 24, na mapiko walikuwa wameshacheza vizazi na vizazi.

Turudi kwenye rangi, maana ndiyo ubishi wenyewe.

Rangi ya mafuta Dar ilishakuwa na heshima yake kabla ya Lilanga. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, mtu wa kusini pia, alianza mwishoni mwa miaka ya 1960 kuchora wanyama kwenye hadibodi kwa rangi za kung'aa za madukani, zile ambazo watu walikuwa wanapakia baiskeli. Alipigwa risasi na polisi mwaka 1972 akafariki, lakini wanafunzi na ndugu zake waliendeleza. (Wale mnaodhani Tingatinga ni mashine ya kuchonga barabara tu, sasa mmejua.) Lilanga naye alichukua hadibodi za mraba na rangi zile zile, akawaingiza vibwengo wake. Kisha akaichukua ile rangi akairudisha kwenye kinyago. Huo mzunguko ndio naupenda. Kutoka kwenye mbao kwenda kwenye karatasi, kutoka karatasi kwenda kwenye bati, kutoka bati kwenda kwenye picha ya rangi, halafu ile picha inasimama tena kuwa kinyago, sasa kimevaa bukta ya njano na shati la nukta.

Mafundi wangu wanasema ameficha mbao. Nikawauliza, na kiwi je?

Hapo kijiwe kikanyamaza kidogo. Kwa mdau asiyejua, biashara ya vinyago ina siri moja ambayo si siri. Mpingo ni ghali na umeadimika, mtalii anataka cheusi, kwa hiyo unachonga mbao nyeupe ya kawaida, unaipaka kiwi nyeusi ya viatu, unaisugua na kitambaa mpaka inang'aa, na inauzwa kama mpingo. Mtalii akifika kwao, akiishika na jasho la mkono, anakuta kiganja cheusi. Silaumu, watu wana watoto wa kulisha, na mwenye duka ndiye anayetaka iwe hivyo. Lakini nasema kuna rangi mbili. Kuna ya kuidanganya mbao iwe kitu kingine. Na kuna ya Lilanga, ambayo hakuna mtu mwenye macho atakayedhani ni ngozi ya mti. Bluu yake inakwambia kabisa mimi ni rangi, nimetoka kwenye kopo, na huyu jamaa ni shetani, na leo ni siku ya ngoma. Fundi mmoja alikubali nusu. Mwingine alisema pamoja na hayo yote mpingo ni mpingo, na hapo pia ana haki yake.

Na hao vibwengo walikuwa wanafanya nini? Hiki ndicho kinachowashangaza wanaodhani alichonga mambo ya porini. Wanakwenda sokoni. Wanabeba ndoo kichwani. Wanakunywa pombe na kugombana. Wanapeleka wagonjwa hospitali, wanasoma, wanalima, wanapiga soga. Kwenye picha zake mara nyingi aliandika Kiswahili kabisa, sentensi ya kueleza nani anafanya nini na kwa nini, kama mtu anayekusimulia umbea wa uani. Wazungu wananunua bila kuelewa kilichoandikwa, ila sisi tunaweza kusoma na kucheka. Alichukua majirani zake wa Dar, watu wa daladala na foleni, akawavalisha masikio ya mashetani. Au pengine aliwachukua mashetani akawapa shida zetu za kila siku. Nimefikiria sana ipi ni sahihi, naona ukiitazama kazi moja kwa muda mrefu inakubadilikia.

Hapa Pasua watoto wanatengeneza magari kwa makopo ya mafuta ya kula, tairi za kandambili, usukani wa waya mrefu wa kuendeshea umesimama. Mimi mwenyewe nilikuwa na lori la kopo ambalo lilishawahi kuwa basi, na kabla ya hapo lilikuwa trekta, maana kopo ni lile lile, unakunja tena. Hakuna aliyetuambia ni sanaa. Ukifika darasa la tano au la sita unaambiwa acha utoto. Lilanga hakuacha utoto mpaka akiwa babu, na akajengea nyumba na kusomeshea kwa utoto huo huo.

Siyo kwamba kila kitu kilikuwa kizuri. Umaarufu ulileta oda nyingi kuliko mikono miwili. Akawa na wasaidizi, kama walivyo mafundi wengi wakubwa. Yeye anachora mistari, wengine wanajaza rangi, wengine wanachonga kufuata sura zake. Noel Kapanda ni mmoja wa waliofanya kazi naye kwa muda mrefu, na ni msanii kwa haki yake. Wazungu wengine walikasirika walipogundua, wanataka msanii awe peke yake chumbani anateseka. Kwetu hilo si ajabu. Kinyozi ana vijana wake, fundi cherehani ana vijana wake, na mteja bado anasema nguo hii kashona fulani. Lakini kuna mlango hapo, na mlango ukiwa wazi hauchagui nani anaingia. Kama wasaidizi wanaweza kuchora sura ya Lilanga vizuri vile, basi hata mtu asiyekuwa msaidizi anaweza, na sahihi nayo inaigwa.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa migumu. Alikuwa na kisukari. Wadau wenye wazee wenye ugonjwa huu mnajua unavyokwenda. Sukari inaharibu mishipa ya damu na ya fahamu ya miguuni, mtu anapata kidonda bila kusikia maumivu, kidonda hakiponi, mwisho daktari anasema tukate. Lilanga alikatwa mguu, kisha na wa pili. Mtu aliyetumia maisha yake yote kuchonga watu wanaoruka, wanaocheza ngoma, miguu imetupwa hewani, akamalizia maisha akiwa amekaa.

Mimi nilipofika hapo kwenye habari zake nilitegemea kusoma kwamba kazi zake zilibadilika, zikawa za huzuni. Hazikuwa. Aliendelea kuchora na kuongoza karakana yake, na vibwengo waliendelea kucheza kwa rangi zile zile. Kuna watakaosema ni kwa sababu ndicho kilichokuwa kinauzika na oda zilikuwa zinasubiri. Inawezekana, na familia ilikuwa inakula hapo. Mimi naona pia kwamba mashetani wake tangu zamani walikuwa hawajakamilika viungo. Vidole viwili, jicho moja kubwa moja dogo, mkono unaotokea pasipotakiwa. Toka siku ile kinyago cha Samaki kilipovunjika mkono, kwenye ukoo wao kukosa kiungo hakujawahi kumzuia mtu kucheza.

Alifariki Dar es Salaam tarehe 27 Juni 2005.

Baada ya hapo bei zikapanda, kama kawaida ya msanii akishazikwa, na kazi za Lilanga zikaongezeka sokoni kwa kasi ambayo marehemu hawezi kuiweza. Mpaka leo kuna ubishi juu ya zipi ni za mkono wake, zipi ni za karakana yake akiwa hai, na zipi ni za watu waliojipatia jina. Mjukuu wake, Hendrick Lilanga, naye ni msanii na anafanya kazi kwa mtindo wa babu yake, kwa jina lake mwenyewe, bila kujificha. Huyo hana tatizo. Tatizo ni hao wengine. Halafu nikiwaza zaidi nachanganyikiwa, maana Lilanga naye alichukua mashetani kutoka kwa akina Samaki, rangi kutoka kwa akina Tingatinga, hakuomba ruhusa kwa mtu, na hakuna aliyemwita mwizi. Tofauti naona ni kwamba alipochukua alirudisha kikiwa kimebadilika, na akaandika jina lake mwenyewe chini, Lilanga, si jina la marehemu.

Juzi nimepita tena kijiweni. Yule fundi aliyekubali nusu alikuwa na twiga aliyemvunjikia shingo, amemweka pembeni juu ya magunia. Zamani angekuwa ameshaingia jikoni kama kuni. Sikumuuliza kitu.

Sasa nina ombi kwa wadau walioko Dar au waliokulia huko. Yale mageti na kingo za bati za Nyumba ya Sanaa, pale Upanga, kama kuna mtu ana picha zake za zamani, hata ya harusi au ya shule mliyopiga mkiwa mmesimama mbele yake, tuwekeeni hapa chini tuone. Na kama unajua ni mafundi gani waliyachomelea, andika. Nao wanastahili kutajwa.